Mguu wa Bwana Kanyaga

Twagirayezu alikuwa na miguu miwili kama binadamu wote, ila kijiji kizima cha Nyakatuntu kilizungumzia mmoja tu. Ni ule wa kulia, uliovunjika mwaka wa sabini na nane. Mwenyewe alidai ni kombora. Mkewe Anonciata, ambaye hakuwahi kumnyima mtu habari, alisimulia vingine: siku ilipovuma kwamba majeshi ya Amin yanakuja, watu walikimbia na watoto na magodoro, mumewe akakimbia na mtumbwi wa kukamulia pombe kichwani. Hakuona mbele, akatumbukia kwenye shimo la kuivishia ndizi la jirani. Mtumbwi ulitoka salama. Kombora lenyewe hakuna aliyeliona.

Na ni kwa miguu hiyo hiyo alilisha watoto saba. Mwenye harusi, mwenye kipaimara, mwenye msiba, wote walimwita Twagirayezu. Ndizi mbivu zinamenywa, zinamwagwa kwenye ule mtumbwi wa mti pamoja na majani makavu, naye anaosha miguu hadi magotini, anapanda, anakanyaga mpaka maji ya ndizi yatoke. Yakinywewa siku ile ile, ni juisi tamu ya watoto na walokole. Yakitiwa mtama wa kukaanga na kulazwa, kesho yake ni rubisi, na walokole wanakaa mbali nayo, angalau mchana.

Kulikuwa na desturi moja ambayo hata mchoyo hakuthubutu kuigusa. Kibuyu cha kwanza kikijaa, kabla hakijakabidhiwa kwa mwenye ndizi, mkamuaji hukinyanyua akanywa. Hiyo ni haki yake. Haipimwi, haiulizwi, wala kibuyu hakihesabiwi kuwa kimepungua. Haki ya Twagirayezu ilikuwa na kina kirefu, na watu waliinung'unikia, lakini waliinung'unikia akishaondoka.

Sasa, likizo ya Juni mwaka wa themanini na nane, mguu uligoma. Alikamua ndizi za harusi moja Jumamosi, akalala hadi Jumatano. Jumatano jioni alimwita mwanawe mkubwa, Theoneste, aliyekuwa kidato cha tatu katika sekondari ya wazazi.

"Mguu umekwisha," alisema. "Shule zikifunguliwa, wewe hutakwenda. Utaingia mtumbwini."

Theoneste alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvuka darasa la saba, na aliipenda shule kwa uchu ambao nyumbani hakuthubutu kuutaja, kwa sababu nyumbani uchu ulikuwa wa chakula tu. Aliipenda hata harufu ya chaki. Akasema jambo ambalo alikuwa amepanga kulisema taratibu, kwa utangulizi, baada ya wiki mbili za kuchanja kuni bila kutumwa.

"Baba, tunaunda roboti la kukamua ndizi."

"Roboti ni mnyama gani?"

"Ni mtu wa mashine. Anafanya kazi mwenyewe. Mwalimu Kashaija anatupeleka nalo Kayanga kwenye mashindano ya sayansi, Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa. Likikamua vizuri, litakuwa lako, litaingia mtumbwini badala yangu."

Twagirayezu alicheka mpaka akashika mguu wake. Alipotulia alikuwa na huruma kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu mwenye mguu unaouma.

"Haya. Huyo mtu wako akijaza kibuyu kimoja mbele ya watu, bila kushikwa na mtu, nenda shule mpaka uote mvi. Asipokijaza, Jumatatu nakusubiri hapa umeosha miguu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kibuyu kikijaa, shule. Kisipojaa, ndizi za watu maisha yake yote.

Waundaji walikuwa watatu. Kichwa kilikuwa Speciose, msichana wa ng'ambo ya bonde, ambaye alikuwa na tabia ya kukuuliza swali huku jibu analo tayari. Misuli ilikuwa Theoneste. Wa tatu alikuwa Seif, mtoto wa Mzee Saleh mwenye duka pale senta, na mchango wake ulikuwa betri. Mzee Saleh alikuwa na betri ya gari iliyoendesha redio ya dukani, na aliikopesha baada ya kuwakalisha wote watatu juu ya magunia ya chumvi na kuwasomea masharti.

"Juisi, sawa," alisema. "Juisi ni halali. Lakini betri yangu haitakamua rubisi hata tone moja. Jumapili baada ya mashindano inarudi hapa. Mmenisikia?"

Walimsikia. Theoneste alimsikia vizuri zaidi kuliko wenzake, kwani alijua nyumbani kwao maji ya ndizi karibu yote huishia kuwa rubisi. Roboti bila betri lingekuwa kuni. Aliamua kwamba hilo ni tatizo la Jumapili, na yeye alikuwa na matatizo ya siku za karibu.

Mota waliipata kijiji cha Kimuli, kwenye lori bovu lililoachwa na vita, ambalo wanakijiji walikuwa wameshalichuna hadi mifupa. Matairi yalishakuwa viatu vya katambuga, viti vilishakuwa vitanda, ila mota ya waipa hakuna aliyeiona maana, kwani nani ana kioo cha kupangusa. Miguu walichonga kwa mti na kuivisha katambuga. Kiwiliwili kilikuwa fremu ya baiskeli. Speciose alitaka waishie hapo, lakini Mwalimu Kashaija, aliyekuja kukagua kwa baiskeli yake isiyo na breki, alikataa katakata.

"Roboti lisilo na kichwa ni kinu," alisema. "Mnataka niende Kayanga na kinu?"

Basi wakampa kichwa cha debe la mafuta, macho mawili ya tochi, na kwa kuwa Mwalimu alizidi kulalamika, tai ya kitambaa cha kitenge. Wakambatiza Bwana Kanyaga. Kwa sura alifanana sana na katibu kata fulani, lakini hilo tuliache.

Siku ya kwanza ya majaribio Bwana Kanyaga alikanyaga vizuri kabisa, kushoto, kulia, kushoto, kulia, hatua sawa kama askari wa gwaride. Baada ya dakika tano ndizi zilikuwa uji. Hapakuwa na maji, uji mtupu, na majani yote yalikuwa yamebanana chini kama mkeka. Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu roboti lilipanda juu ya uji wake lenyewe, likainama, likadondosha kichwa.

"Baba yako anafanyaje?" Speciose aliuliza.

"Anakanyaga tu."

"Hakuna mtu anayekanyaga tu."

Alikwenda akakaa na daftari mahali Twagirayezu alipokuwa akikamua, kwa maumivu, ndizi za jirani. Alikaa saa nzima akihesabu. Mzee alidhani binti anavutiwa na ufundi wake, akazidisha madoido. Speciose aliporudi alikuwa na ukurasa mzima wa namba.

"Wa kushoto unakandamiza," alisema. "Wa kulia haukanyagi, unaburuta. Ukiburuta unageuza majani, yanatoka chini yanakuja juu, maji yanapata njia. Halafu anatulia kidogo. Kishindo, kuburuta, kutulia. Theo, baba yako anakamua vizuri kwa sababu ni kilema."

"Usimwambie," alisema Theoneste.

Speciose alitoboa tundu la pili chini ya lile la bolti kwenye pao la mguu wa kulia wa roboti. Bolti ikiwa kwenye tundu la juu, mguu ulisimama sawa. Ikiwa kwenye tundu la chini, uliburuta. Wakaiweka kwenye la chini, wakawasha, na Bwana Kanyaga akaanza kuchechemea ndani ya mtumbwi: kishindo, kuburuta, kutulia. Maji ya ndizi yakachuruzika yakiwa na povu. Dakika nane kibuyu kikajaa. Seif alikunywa vikombe vitatu akasema ni halali kabisa. Theoneste pia alikunywa, ila alikuwa anautazama ule mguu. Alikuwa ameuona mwendo huo kila siku tangu utoto, ukitoka na kuingia mlangoni, na hakupenda kuuona umevaa tai.

Jumamosi walipanda lori la kahawa hadi Kayanga, wao, roboti, mtumbwi na mikungu minne. Nusu ya Nyakatuntu ilipanda pia, kwa sababu lilikuwa lori la bure. Twagirayezu alikaa mbele na dereva kwa heshima ya mguu. Placida, mama muuza rubisi aliyekuwa na sauti ya kutosha parokia mbili, alikaa juu ya mtumbwi.

Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa. Palikuwa na sekondari nne na mgeni rasmi aliyefika saa tatu baada ya wakati wake, jambo ambalo mshereheshaji alilieleza kama majukumu mazito. Wa kwanza kuonyesha walikuwa vijana wa mjini. Roboti lao lilikuwa refu, limepakwa rangi ya fedha, na lilifanya jambo moja tu: lilipiga saluti. Mgeni rasmi, kabla hajajizuia, alisimama akairudisha. Uwanja mzima ulipiga makofi, na Mwalimu Kashaija akasema chini kwa chini neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema mbele ya wanafunzi.

Ikafika zamu yao. Jaji mkuu, Bwana Ndyamukama, mtu mwembamba mwenye saa ya mnyororo, alisoma sheria. Dakika kumi. Roboti lisiguswe likiwa kazini. Mnaruhusiwa kulizima na kulirekebisha, lakini saa haisimami.

Seif akaunga waya. Bwana Kanyaga akatikisika, akaingia kazini.

Kishindo. Kuburuta. Kutulia. Kishindo. Kuburuta. Kutulia.

Maji yakaanza kushuka kwenye kibuyu. Theoneste akaanza kupumua. Ndipo Placida aliposimama juu ya benchi.

"Mawe, mama yangu! Huyu si Twagirayezu huyu?"

Hapo mambo yakaharibika. Nyakatuntu yote ikaona kwa pamoja, na Nyakatuntu ikiona jambo hailioni kimyakimya. Walicheka wakaegemeana. Mtu alipaza sauti akimuuliza Bwana Kanyaga habari za kombora. Vijana wawili walitoka mbele wakaanza kuchechemea kuuzunguka mtumbwi, na watu wa sekondari nyingine, ambao hata hawakumjua Twagirayezu, walicheka kwa sababu wengine wanacheka. Hata jaji aliandika kitu akasema, "Naona mguu wa kulia una hitilafu."

Theoneste alimtafuta baba yake kwa macho. Alimwona kwenye benchi la wazazi, amevaa koti lake la Jumapili, uso umekauka, mkono juu ya goti la kulia kana kwamba analificha. Theoneste aliona aibu, siyo ya baba yake, bali ya kwake mwenyewe, maana ni yeye aliyeuchonga mguu ule na kuuleta mbele ya watu. Hakufikiri tena. Akazima.

"Unafanya nini?" Speciose aliuliza.

"Wanamcheka baba."

"Theo, dakika ya tatu hii. Kibuyu hakijafika hata nusu."

"Najua."

Akachomoa bolti kutoka tundu la chini, akaipandisha kwenye la juu, akakaza. Speciose alimtazama kama mtu anayetazama nyumba inaungua. Theoneste akawasha.

Bwana Kanyaga akakanyaga kiaskari, kushoto, kulia, kushoto, kulia, hana ulemavu wowote. Kicheko kikapungua, kikafa. Mgeni rasmi alitikisa kichwa kukubali. Na maji yakakatika. Yalipungua yakawa matone, kisha hata matone yakaacha. Uji ulianza kupanda kwenye vifundo vya roboti. Dakika ya nne ikapita, ya tano ikapita. Theoneste alisimama na spana mkononi, na alijua vizuri kabisa amefanya nini. Alikuwa ameiuza shule yake ili watu wanyamaze. Angeulizwa, angeiuza tena, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ndipo watu waliposikia mchakacho kwenye changarawe. Kishindo, kuburuta, kutulia. Safari hii haukutoka kwenye mtumbwi. Twagirayezu alikuwa anakuja katikati ya uwanja, polepole, mbele ya kila mtu, na hakujaribu kuuficha mguu. Wale vijana wawili waliokuwa wakimwigiza walipata ghafla shughuli upande mwingine.

Alifika kando ya mtumbwi, akautazama uji ule kwa uso wa fundi aliyetukanwa.

"Nani kakwambia unyooshe mguu wangu?"

"Walikuwa wanakucheka, baba."

"Nimekuwa nikichekwa tangu sabini na nane. Waliocheka wote wamekunywa kwangu." Akageukia umati, kwa sauti ambayo hata Placida aliiheshimu. "Huo mguu ni wangu. Nimeukubali mimi mwenyewe. Mwenye wa kwake aulete hapa ukamue tuone." Kisha akamrudia mwanawe. "Rudisha mguu wangu mahali pake."

Jaji Ndyamukama alianza kusema kwamba mzazi haruhusiwi. Mwalimu Kashaija alimwambia mzazi hajagusa kitu, kaongea tu, na kuongea hakumo kwenye sheria. Theoneste alikuwa keshazima. Bolti ikamponyoka ikatumbukia kwenye uji, Speciose akaizamia kwa mkono mzima mpaka kwenye kiwiko akaitoa. Wakaipachika kwenye tundu la chini. Dakika ya saba ilikuwa inaisha.

Kishindo. Kuburuta. Kutulia. Majani yakapanda kutoka chini, uji ukapasuka, maji yakashuka. Sasa watu walihesabu kwa sauti, na kila mguu ulipoburuta walivuta neno pamoja nao. Twagirayezu alisimama pale akitikisa kidole kama mwalimu wa kwaya. Kibuyu kikapita nusu, kikaanza kupanda shingoni.

"Muda," alisema jaji.

Seif akachomoa waya. Theoneste alikitazama kibuyu, na hakuwa na haja ya kukisogelea. Kilikuwa pungufu. Vidole viwili vizima, kutoka mdomoni mpaka juisi ilipoishia.

Jaji akapima, akaandika. Matokeo yalisomwa palepale, na hayakumshangaza mtu: wa kwanza roboti la saluti, wa pili Bwana Kanyaga, zawadi mpira wa miguu usio na upepo. Theoneste hakusikia vizuri. Alikuwa anamtazama baba yake, aliyekinyanyua kibuyu na kukiinamishia jua, akachungulia ndani.

"Hakijajaa," alisema Twagirayezu.

"Ndiyo, baba."

"Vidole viwili."

"Ndiyo, baba."

Twagirayezu alimtazama Bwana Kanyaga, debe lake, macho yake ya tochi, tai yake iliyoloa. Akamtazama kama mtu anayemkagua mwenzake wa kazi.

"Placida," aliita. "Mkamuaji akimaliza kibuyu cha kwanza, hufanya nini?"

"Hunywa haki yake," alisema Placida. "Na wewe unaijua kuliko wote, mwizi wewe."

"Basi hivyo vidole viwili ni haki ya mkamuaji. Amechukua kidogo. Mimi ningechukua vinne." Akamkabidhi mwanawe kibuyu. "Kimejaa. Utakwenda shule."

Nyakatuntu ilishangilia kuliko ilivyoshangilia ile saluti. Theoneste alishika kibuyu kwa mikono miwili, akalia bila kuficha, na Seif akamwambia asiimwagie juisi machozi, itakuwa na chumvi.

Lakini Jumapili ilifika, na tatizo la Jumapili likafika nayo. Seif alikuja alasiri na baiskeli ya dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Baba kanituma betri."

Twagirayezu akauliza betri gani, akaelezwa, pamoja na masharti yote, neno kwa neno, kwani Seif alikuwa mtoto mkweli na alichukia sana kuwa hivyo siku ile. Theoneste alisimama kando ya mtumbwi. Kesho yake asubuhi palikuwa na kazi ya kukamua ndizi za kipaimara cha mtoto wa jirani yao Immaculata, mikungu sita, zimeshaiva. Mzee aliyatazama yale macho ya tochi, akautazama mguu wake, akamtazama mwanawe, na Theoneste alisubiri kuambiwa aoshe miguu, neno lililokuwa haki ya baba yake kulisema.

"Mfungie mwenzako betri vizuri," alisema Twagirayezu. "Isimwangukie njiani." Akaingia ndani.

Jumatatu Theoneste alivaa sare mapema. Alipotoka nje, mtumbwi ulikuwa na kazi. Bwana Kanyaga alikuwa ameegemezwa kwenye mgomba, uso umeelekezwa mtumbwini, na Twagirayezu alikuwa ndani ya ndizi hadi vifundoni, jasho linamtoka, akimfokea.

"Tazama vizuri, wewe. Unapewa elimu ya bure. Kishindo. Unaona? Kuburuta. Usilale."

Kila mguu wa kulia ulipoburuta, uso wake ulikunjamana, kisha ukakunjuka kabla mtu hajauona vizuri. Theoneste aliuona. Alijua hatakiwi kusema, na kama angesema angeambiwa avue sare aje asaidie, naye angevua. Akaweka begi chini. Kibuyu cha kwanza ndiyo kwanza kilikuwa kinajaa pale chini ya mtumbwi, mpaka mdomoni, na povu juu. Akakinyanyua kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu, akampelekea baba yake palepale alipokuwa amesimama.

"Haki ya mkamuaji," alisema.

Twagirayezu alikipokea, akanywa vidole vinne vizima, akapangusa mdomo, akamwambia amechelewa shule.